Kwa nini sisi wenye watoto wadogo hatutoki tena mwisho wa wiki?

Mama Wawili, Tudor

Hamjambo nyote. Nina swali ambalo limekuwa likizungumzwa nyumbani kwetu tangu Idi ipite, na ningependa kusikia wenzangu wa hapa Mombasa wanalionaje. Mimi na mume wangu tuna mtoto wa miaka minne na mwingine wa miezi saba. Shule zimefungwa kwa likizo ya Aprili, kaskazi imeshalegea, kusi haijashika, bahari imetulia, na masika bado hayajatoa zaidi ya manyunyu ya alfajiri. Kwa hesabu yoyote ile, hizi ndizo wiki nzuri za kuwatoa watoto. Hata hivyo Jumamosi hufika, Jumapili hufika, na magharibi hutukuta tuko ndani, madirisha wazi, feni inazunguka, na mkubwa anauliza kama leo pia hatuendi popote.

Nilipokuwa mdogo, jioni ya Jumapili tulikwenda Lighthouse, pale Mama Ngina, tukala muhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili, na meli zilizokuwa zikiingia Kilindini zilipita karibu hata tukawapungia mikono mabaharia. Wazazi wangu hawakuwa na gari wala fedha za ziada. Jengo tunaloishi sasa limejaa familia changa, na nikiwauliza majirani, wengi husema kwamba wao pia hawatoki. Mume wangu anasema ni uchovu. Mimi nasema ni gharama. Mama mkwe wangu anasema kwamba vijana wa siku hizi hatuna mpangilio. Sababu hasa ni ipi? Na nyinyi mnaotoka, mnakwenda wapi na watoto wa umri huu kabla mvua haijakolea?

Mwana Kisauni

Dada, mwisho wa wiki unaouzungumzia si wa kila mtu. Mimi nafanya kazi katika hoteli moja upande wa Shanzu. Jumamosi na Jumapili ndipo wageni wanapofika kutoka Nairobi, kwa hiyo ndizo siku ambazo sitakiwi kukosa kazini. Mapumziko yangu ni Jumanne. Jirani yangu yuko bandarini, na zamu zake hubadilika. Shemeji yangu ni mlinzi anayeingia jioni na kutoka asubuhi, kisha hulala mchana kutwa. Mji huu unaishi kwa bandari na utalii, na kazi hizo zote mbili hazina Jumapili. Pengine mzee wako alikuwa na ofisi iliyofungwa Jumamosi adhuhuri, na hilo ndilo lililowafikisha Lighthouse.

Kwangu mimi matembezi ni ya Jumanne. Mke wangu hufunga genge lake mapema, tunamchukua mtoto, tunakwenda ufuo wa Kenyatta tukiwa karibu peke yetu, na wale wanaokodisha maboya hushusha bei wenyewe.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Wanangu, nimewasoma wote wawili, na naona mnaitafuta sababu mbali na nyumba, hali imo humo humo ndani. Zamani aliyewatoa watoto hakuwa mama wala baba. Alikuwa ni shangazi, au mwali aliyekuwa hajaolewa, au binamu wa miaka kumi na minne aliyeaminika kuvuka barabara. Baada ya alasiri mtu mmoja alichukua watoto wa nyumba tatu, wakashikana mikono kutoka Kibokoni mpaka pale mbele ya ngome, wakacheza, wakanunuliwa achari na kachiri, wakarudishwa kabla ya adhana ya magharibi. Mama yao alibaki akipika, au alipata usingizi kidogo, naye alipowapokea alikuwa na nguvu za kuwasikiliza.

Leo mwali yule ameolewa Kiembeni. Shangazi yuko Ghuba akitafuta riziki. Binamu ana masomo ya ziada. Mama mchanga yuko ghorofa ya nne na watoto wawili, na akimvisha mmoja, wa pili ameshavua. Nani atamshikia? Juu ya hayo, wengi wetu watoto wako chuoni wakisoma Kurani Jumamosi na Jumapili asubuhi mpaka karibu na adhuhuri, na chuo hatukiachi, kwa hiyo kinachobaki cha siku ni kidogo. Lakini tazameni Idi. Siku ya Idi hata mwenye mtoto wa arubaini anakwenda Makadara kwenye bembea, kwa nauli ile ile na joto lile lile. Kwa nini? Kwa sababu siku ile jamaa wamekuja, na mikono ya kubeba ipo.

Na huyo wa miezi saba asikutishe, mwanangu. Mimi wangu nilikuwa nikiwapa vijiko vya maji ya dafu tangu wana miezi mitatu, kwa joto hili la mwisho wa kaskazi, nao wakatulia.

Fundi wa Changamwe

Bi Mkubwa amesema kweli kuhusu mikono, lakini mikono nayo haipandi matatu bure. Kutoka Changamwe hadi Kenyatta ni magari mawili kwenda na mawili kurudi. Mtoto wa miaka minne akikaa kwenye kiti analipiwa, na akipakatwa, mama anafika amelowa jasho kabla hajaiona bahari. Jumapili ikifika magharibi nauli hupanda, na manyunyu yakianza hupanda tena, na hiyo nauli ya kurudi ndiyo inayotutia hofu tangu asubuhi, kwa kuwa hatujui itasimama wapi.

Wenye kusema kwamba ufuo ni wa bure hawajaenda na mtoto. Mtoto haangalii maji. Anaangalia vinavyouzwa mbele ya maji. Ngamia yule pale, boya lile pale, aiskrimu hiyo inapita na kengele. Ukikataa vyote, umemleta kulia. Ukikubali nusu, umekula fedha ya unga. Kisha tukifika jioni tunakuta mawimbi yameshagonga ukuta na mchanga wote umemezwa. Bahari ya jioni hujaa daima, kwa hiyo safari nzima inaishia kukaa juu ya ukuta.

Baharia Mstaafu, Mji wa Kale

Fundi, sipingi suala la nauli, kwani kila mtu anaujua mfuko wake. Si kweli, hata hivyo, kwamba bahari ya jioni hujaa daima, na kwa maoni yangu hapa ndipo familia nyingi zinapokatishwa tamaa bila kujua kilichowakatisha.

Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Mombasa hujaa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Ikipita wiki moja hivi, tunaingia maji mafu, na mambo yanageuka: maji hujaa saa nne asubuhi, hupwa saa kumi alasiri, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Machi na Aprili, kama ilivyo Septemba na Oktoba, bamvua huwa kubwa kuliko miezi mingine, kwa sababu jua liko karibu na mstari wa ikweta na huvuta pamoja na mwezi. Hapo Kilindini tofauti kati ya maji makuu na kupwa huweza kukaribia mita nne. Familia inayotoka kila Jumapili saa kumi bila kuangalia mwezi hupata ufuo mpana wiki hii, na wiki ijayo hukuta ukuta na mawimbi, kisha husema kwamba matembezi yana balaa. Wazee wetu walijua mwezi una siku ngapi kabla ya kumvisha mtoto viatu.

Ushauri wangu ni huu. Ikiwa ni bamvua, nendeni asubuhi maji yakiwa yanapwa. Miamba huacha vidimbwi vinavyomfikia mtoto magotini, vyenye kaa wadogo na samaki wa rangi, naye atakaa hapo saa nzima bila kuomba ngamia. Mvisheni viatu vya kuingilia majini, kwa kuwa kwenye miamba kuna wale wanyama wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyama. Geukeni kurudi mara tu maji yanapoanza kuja, kwani mikondo iliyo kati yenu na nchi kavu hujaa kwanza wakati ninyi bado mmesimama pakavu. Ikiwa ni maji mafu, alasiri inafaa zaidi, kwani maji hayaendi mbali na wala hayana nguvu.

Muuguzi wa Mikindani

Shukrani kwa maelezo, Mzee Baharia, lakini saa nne asubuhi unawapeleka watoto kwenye jua kali kupita yote. Mombasa iko karibu nyuzi nne kusini mwa ikweta, na jua hutupita utosini katika siku kumi za mwanzo za Machi, kisha tena mwanzoni mwa Oktoba. Aprili bado halijaenda mbali. Kati ya saa nne na saa kumi hakuna kivuli cha kutosha ufuoni, na mchanga mweupe pamoja na maji hurudisha mwanga chini ya kofia. Mtoto wa miezi saba ngozi yake ni nyembamba na hupoteza maji haraka. Harara za shingoni na mgongoni ambazo akina mama wanakuja nazo kliniki Jumatatu, nyingi ni za jasho lililozibwa na nguo nzito siku ya Jumapili.

Bi Mkubwa, kwa heshima zote, hapo kwenye dafu nakuomba radhi nikusahihishe. Mtoto aliye chini ya miezi sita anatosheka na maziwa ya mama pekee, hata wakati wa joto. Akisikia kiu anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Kumpa maji mengine, hata ya dafu, kunampunguzia maziwa na kunaweza kumletea kuharisha. Wa Mama Wawili ameshavuka miezi sita, kwa hiyo maji safi yaliyochemshwa anaweza kupewa kwa kiasi.

Kuhusu swali lenyewe, mimi nadhani ni hofu. Wazazi wa sasa wamesikia mengi: dengi, chikungunya iliyoukumba mji huu mwishoni mwa 2017 na kuendelea 2018, malaria baada ya masika. Mbu wa dengi na chikungunya huuma mchana, na huzaliana kwenye maji yaliyosimama ndani ya mapipa na makopo yetu wenyewe, kwa hiyo anayejifungia ndani hajamkimbia. Lakini hofu haiulizi hivyo, na mama akiogopa hubaki nyumbani.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Nimekusikia, mwanangu muuguzi, na wewe ndiye uliyesoma. Niliowanywesha dafu leo ndio wanaonipandisha ngazi, namshukuru Mungu kwa hilo, ila mkwe wangu nitamwambia afuate lako.

Baharia Mstaafu, Mji wa Kale

Muuguzi, saa nne ndipo maji yanapofika mwisho wa kupwa. Mwenye watoto hahitaji kuusubiri mwisho. Saa moja na nusu asubuhi miamba imeshaanza kutokeza, na ikifika saa tatu na nusu familia iko njiani kurudi.

Mama Pacha, Mishomoroni

Hiyo saa moja na nusu asubuhi ya Jumamosi mimi niko kwenye foleni ya mitungi. Jamani, mbona hakuna aliyetaja maji ya mfereji? Kwetu hutoka kwa zamu, na mara nyingi zamu yetu huangukia mwisho wa wiki, usiku wa manane au asubuhi, bila taarifa. Yakitoka, lazima mtu awepo ajaze mapipa, afue nguo za wiki nzima za watu wanne, aoshe nyumba, na ayafunike mapipa hayo vizuri ili asifuge mbu ambao Muuguzi amewataja. Yasipotoka, lazima tumngoje mwenye mkokoteni. Vyovyote vile, Jumamosi imekwenda. Jumapili asubuhi sisi tuko kanisani mpaka saa saba. Mtu akiniambia kwamba sina mpangilio, nitamwomba aje anisaidie kujaza pipa.

Tena mwili una kiasi chake. Pacha wangu wana miaka miwili. Kufika saa tisa Jumapili wote wanne tumelala sakafuni mbele ya mlango kwa sababu ndipo upepo unapopita, na kwa kweli ile saa moja ni tamu kuliko ufuo wowote.

Baba wa Bamburi

Habari zenu. Naona nyote mmeng'ang'ania bahari, ilhali mwenye watoto wadogo hahitaji bahari hata kidogo. Mpelekeni Haller Park, pale Bamburi. Kuna kivuli mwanzo hadi mwisho, njia zake ni za kutembeka, na alasiri watoto huwalisha twiga kwa mikono yao. Wangu alipolambwa mkono na ulimi ule mweusi, hakulizungumza jambo jingine wiki nzima. Kuna kobe wakubwa, kuna viboko, kuna mamba. Ule ni msitu wa asili wa pwani uliosalia katikati ya mji, na tuna bahati kuwa nao. Siku nyingine mpelekeni Fort Jesus, aliyoijenga Vasco da Gama mwaka 1498, mtoto akimbie juu ya kuta na kushika mizinga.

Mwalimu wa Majengo

Baba wa Bamburi, mapendekezo yako ni mazuri, nami nayaunga mkono, ila mtoto akiuliza apewe habari sahihi. Vasco da Gama alipita Mombasa Aprili 1498 bila kujenga chochote, akaendelea hadi Malindi, na kutoka huko akavuka kwenda Bara Hindi kwa msaada wa upepo wa kusi. Ngome ilijengwa karibu miaka mia moja baadaye, kuanzia 1593 hadi 1596, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011.

Haller Park nayo si msitu wa asili. Pale palikuwa na machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, ardhi tupu yenye chumvi ambayo hata nyasi zilikataa kuota. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje, na majani yake makavu yalipokataa kuoza, akaleta majongoo, wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Kwangu mimi hiyo ni hadithi nzuri zaidi kuliko msitu wa asili, kwa kuwa mtoto anaweza kuokota jongoo na kuambiwa kwamba babu zake ndio waliotengeneza ardhi anayoikanyaga. Wangu huomba pia ile ya kiboko Owen, aliyebaki peke yake baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004 karibu na mlango wa mto Sabaki, akaletwa pale na kumganda kobe mzee wa Aldabra kana kwamba ni mama yake.

Kuhusu swali la mwanzo, naona tunazunguka pembeni ya jambo lililo wazi: pa kutembelea pamepungua. Kutoka Nyali hadi Shanzu vijia vingi tulivyovipita kwenda baharini vimezibwa kwa kuta na mageti. Katiba ya 2010, ibara ya 62, inasema kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma, lakini ufuo wa umma usio na njia ya kuufikia ni wa umma kwenye karatasi. Matokeo yake ni kwamba maelfu yetu tunasukumwa kwenye sehemu zile zile mbili au tatu, yaani Kenyatta, Mama Ngina na kwingineko kidogo, zikawa na msongamano ambao mwenye mtoto mchanga anauogopa kwa haki.

Mkaazi wa Likoni

Mwalimu, umesahau kwamba Mombasa ina upande wa kusini. Sisi wa Likoni tuna ufuo wa Shelly karibu kabisa, na hakuna aliyeutaja. Ninyi wa kisiwani mnaona kivuko ni mpaka wa dunia.

Nawaelewa kwa sehemu. Kuvuka kwa miguu hatulipi, na watoto wangu hukifurahia kivuko chenyewe kuliko wanakokwenda, lakini jioni ya Jumapili umati unaposhuka mteremko ule, nikiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, moyo wangu hupiga. Familia nyingi za kwetu zilipoteza watu kivuko kilipozama Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, ambapo watu 272 walikufa, na kila mwezi huu unapofika wazee hulikumbuka. Mama yangu mpaka leo hataki wajukuu wavuke bila lazima. Hiyo si hofu ya kusoma kwenye simu kama ile aliyoisema Muuguzi. Wenye gari sasa wana barabara ya Dongo Kundu inayotoka Miritini na kuingia kusini bila kupanda kivuko, na nimeona magari ya familia yakienda Tiwi na Diani kwa njia hiyo, hata Shimba Hills kuwatazama palahala.

Mama Wawili, Tudor

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Lakini bado jambo moja linanisumbua. Jirani yangu wa ghorofa ya chini ana gari, mumewe hana zamu, dada yake anaishi nao, maji wana tangi kubwa, na watoto wake ni wakubwa kidogo kuliko wangu. Hana hata kizuizi kimoja kati ya vyote mlivyovitaja, naye hatoki. Nilipomuuliza, alisema tu kwamba siku huwa zimepita.

Mwana Kisauni

Muulize simu yake iko wapi siku ya Jumapili.

Fundi wa Changamwe

Mwana Kisauni, usiilaumu simu kwa kila jambo. Simu haina mlango wa kufunga. Huyo mwenye gari naye anahesabu petroli, ila haoni vyema kumwambia jirani.

Baba wa Mmoja, Buxton

Nimekuwa nikisoma kimya, na sasa naona niulize kinyume. Nani amesema kwamba lazima watoke? Sote tumekubali bila kujadili kwamba mtoto asiyepelekwa mahali amenyimwa kitu. Binti yangu ana miaka mitatu. Jumamosi asubuhi tunashuka naye sokoni, anachagua maembe ya mwisho ya msimu kwa kuyanusa moja moja, na muuzaji anamjua kwa jina. Tukirudi, anapepeta mchele na bibi yake, nao wanaumaliza baada ya muda mrefu kwa sababu nusu ya punje zinaishia sakafuni. Adhuhuri tunalala. Jioni tunapanda darini, ambako majirani wanaanika nguo, na watoto wa jengo zima wanakimbizana kati ya leso. Mvua ya ghafla ikija, kila mtu anapiga kelele na kuanua za mwenziwe. Masika yakiingia sawasawa, tunatengeneza mashua za karatasi na kuziachia kwenye maji yanayotiririka uani.

Ninaposikia orodha ya twiga na ngamia, naona wazazi wanaojichosha ili wawe na jambo la kusimulia Jumatatu. Umri huu mtoto anataka kurudia lile lile, na watu wale wale. Jirani wa Mama Wawili aliyesema siku zimepita, huenda zimepita vizuri.

Mama Pacha, Mishomoroni

Nakuunga mkono kwa usingizi wa adhuhuri, lakini wewe una dari na bibi wa kupepeta naye. Sisi dari yetu imefungwa na mwenye nyumba, na uani kuna pikipiki.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Mmeona? Tumerudi kwenye bibi. Mwenye bibi nyumbani haulizi swali hili.

Mwalimu wa Majengo

Baba wa Mmoja amesema maneno mazito, lakini mtoto wa mji wa bahari asiyeizoea bahari ana hatari yake. Kila mwaka wa shule ninapata darasani watoto waliozaliwa hatua chache kutoka majini, na hawajawahi kuingia zaidi ya vifundo vya miguu. Wakifika umri wa kutoroka na wenzao, hutorokea huko huko, bila kujua mkondo wala kina. Si lazima iwe kila wiki, ila yule wa miaka minne ashikwe mkono na mzazi wake, azoee kulala chali juu ya maji yaliyotulia ya msimu huu, kabla kusi haijayachafua.

Baharia Mstaafu, Mji wa Kale

Hapo Mwalimu umenena. Na asiyetaka kulowa, asimame na watoto Bandari ya Kale. Zamani majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakangoja, kisha kusi ikianza yakatweka kurudi kwao. Siku hizi yanayotia nanga pale ni machache, lakini upepo ni ule ule, na mtoto huuhisi usoni unavyogeuka.

Baba wa Bamburi

Nashukuru kwa masahihisho, Mwalimu. Naongeza sehemu mbili za kivuli. Nguuni, nyuma ya Bamburi, ina twiga, pofu na mbuni, na jioni kuna nyasi za kukalia na upepo. Ya pili ni Jumba la Mtwana, baada ya daraja la Mtwapa, mji wa mawe wa karne ya 14 wenye mibuyu, msikiti ulio karibu kabisa na ufuo, na utulivu ambao Kenyatta haupo. Tandikeni mkeka, bebeni viazi vya karai na mahamri kutoka nyumbani, na Fundi hatanunua kitu.

Fundi wa Changamwe

Mahamri nitabeba, lakini Mtwapa ni nauli nyingine. Na muhogo wa Lighthouse haubebeki kutoka nyumbani. Ukipoa ni mti.

Mkaazi wa Likoni

Muhogo wa upande wetu wa kivuko ni mkavu na laini zaidi, tena wanautia pilipili ya ukwaju. Siku mtakayovuka mtakubali.

Mama Wawili, Tudor

Kuhusu muhogo, sitakubali kabla ya kuonja. Swali moja tu la mwisho kwa Baba wa Bamburi: njia za Nguuni zinapitika na kigari cha mtoto, au nimbebe mgongoni kwa leso? Mwezi sasa ni mpevu, kwa hiyo kwa hesabu ya Mzee Baharia Jumapili alasiri ufuo utakuwa umemezwa, na mume wangu amekubali kwenda bara badala ya baharini. Dada wa yule jirani yangu amesema kwamba atakuja nasi.

Baba wa Bamburi

Mbebe mgongoni. Kuna mchanga na mawe, na kigari utaishia kukibeba wewe. Fikeni saa kumi na moja kasoro, mchukue maji ya kutosha, na muwahi kutoka kabla giza halijaingia.